Asali ya Bi Harusi na Tumbo la Nyuki

Msimu wa harusi ukikaribia maswali huwa ni yale yale: asali ipi ya kupaka usoni, ipi ya kulamba asubuhi, hii imetiwa maji au haijatiwa? Leo naomba tuongeze jengine. Nyuki walioitengeneza walikuwa wazima? Na wakiugua, wanatibiwa kwa nini? Sura nzima ya Qur'ani ina jina lake huyu nyuki, na sisi tunaikumbuka chupa tu.

Nyuki ana maradhi ya tumbo yaitwayo nosema. Kimelea chake ni jamii ya kuvu. Vijimbegu vyake humezwa pamoja na chakula au maji yaliyochafuliwa kwa kinyesi, vikaota utumboni, nyuki akadhoofika na kufa kabla ya siku zake. Dawa yake ya zamani ni fumagilini, iliyoanza kutumika miaka ya 1950. Ulaya hairuhusiwi kwa nyuki. Na mwaka 2013 watafiti wa Marekani walionesha kuwa dawa hiyo ikishapungua nguvu, nosema aina ya ceranae huweza kuzaana zaidi kuliko kwa nyuki wasiopewa kitu. Faida iko wapi hapo?

Ndiyo maana wengine wamegeukia bakteria wazuri. Wazo nalipenda, ila pupa siipendi. Lactobacillus rhamnosus, anayeuzwa kwetu sisi kwa afya ya tumbo, alipojaribiwa kwa nyuki, walikufa kwa wingi zaidi! Wenye matumaini ni bakteria wanaotoka kwa nyuki wenyewe. Waliolishwa mmoja wao, Parasaccharibacter apium, walionekana na nosema kidogo. Kwa kawaida nyuki mchanga huwapata bakteria wake kutoka kwa nduguze mzingani, siku chache tu baada ya kutoka kwenye sega. Mfugaji akimwaga antibayotiki ovyo, anawafagia hao walinzi.

Kwa maoni yangu, tiba ya kwanza ni kutowaharibia walichonacho, ya kuongeza ije baadaye. Basi muulize muuzaji wako. Akisema anaweka mizinga safi na kuwaachia nyuki asali yao ya kutosha, nunua hata bei ikizidi kidogo. Akikwambia anawatilia mtindi, mwambie mtindi ale mwenyewe.