Neno la Mhariri: Kiwanja cha Umma Hakiuzwi

Kila tunapotaja bustani za jiji hapa Kisangani, jibu huwa tayari: bustani ya nini, na msitu si huu hapa umetuzunguka? Jibu hilo lina uzito wake. Shika njia ya Buta, na kabla hujamaliza kilomita 20 umefika hifadhi ya Masako. Njia ya Ubundu ina Yoko. Juu ya maporomoko ya Wagenia kipo kisiwa cha Mbiye, chenye urefu wa kilomita zipatazo 14 na msitu ambao wanafunzi wa Chuo Kikuu wamezoea kwenda kuupima mti kwa mti. Januari 2025 Serikali ikaanzisha Ukanda wa Kijani wa Kivu hadi Kinshasa, zaidi ya kilomita za mraba 500,000, na mto Kongo unaopita mbele yetu ndio uti wa mgongo wake. Mtu aliyesikia hesabu hizo, kisha akamsikia mhariri analilia uwanja wa watoto wa komini ya Mangobo, ana haki ya kucheka.

Acheke, ila mtoto wa Mangobo haendi Masako kucheza mpira akitoka shule. Anacheza barabarani, katikati ya pikipiki na baiskeli za toleka, na goli lake ni matofali mawili ambayo mwenyewe atakuja kuyachukua jioni. Mama aliyechoka na jua la sokoni hapandi gari la njia ya Buta kutafuta kivuli. Msitu ni wa taifa, na siku hizi hata mataifa ya mbali yanautolea hoja. Uwanja ni wa mtaa, na mtaa usipoudai hakuna mkutano wa Davos utakaoudai.

Toleo hili tumelitoa karibu lote kwa suala hilo: mpango wa muda mrefu wa jiji urekebishwe vipi ili maeneo ya wazi yaliyobaki yabaki. Waandishi wetu hawakubaliani, nasi hatukujaribu kuwapatanisha. Langu hapa ni moja. Wengi wanazungumza kana kwamba mpango umelala kabatini, unangoja tume ije kuurekebisha. Mpango huu unarekebishwa kila wiki. Unarekebishwa kwa lori la mchanga linalomwagwa pembeni ya uwanja wa shule, kwa matofali yanayofuata, kwa jiwe la mpaka lenye namba, halafu kwa ukuta. Hati, ikija, huja nyuma ya ukuta. Kwa hiyo swali la kwanza ni nani anaurekebisha, na anaurekebisha mbele ya nani.

Sheria haina kigugumizi. Ile ya ardhi, ya tarehe 20 Julai 1973, inasema ardhi ni mali ya Serikali, na kile kilichowekwa kwa matumizi ya umma hakiingii sokoni mpaka kiondolewe rasmi katika matumizi hayo. Neno zito hapo ni rasmi. Sheria inaruhusu uwanja wa umma ubadilike kuwa kitu kingine, na ni sawa iruhusu, maana jiji hukua. Tatizo ni kwamba tendo hilo la kuuondoa uwanja katika matumizi ya umma, ambalo lingestahili kusomwa hadharani kama tangazo la ndoa, hupita kimya, au halipiti kabisa na watu wakajenga kana kwamba limepita.

Tembea Makiso, tembea Kabondo, uangalie kuta. Familia yenye wasiwasi na ndugu mwenye tamaa huandika kwa rangi, herufi kubwa, Parcelle à ne pas vendre: kiwanja hiki hakiuzwi. Rangi ikififia, huandikwa upya. Mimi maandishi hayo huyaona kuwa ndiyo ofisi ya ardhi inayofanya kazi vizuri kuliko zote jijini, kwa sababu yanamwambia kila mpita njia jambo lile lile kwa wakati mmoja. Uwanja wa umma hauna wa kuuandikia. Mwenyewe ni sisi sote, na hakuna hata mmoja wetu aliyenunua rangi.

Mpango tuliorithi nao haukuwa na nia njema kwa kila mtu. Wabelgiji walipochora miji yao ya Kongo, nafasi ya wazi ilikuwa pia uzio. Léopoldville, Kinshasa ya leo, ukanda uliotenganisha mji wa wazungu na makazi ya Waafrika ulijazwa uwanja wa gofu, bustani ya wanyama na bustani ya mimea. Stanleyville, yaani Kisangani yetu, ilipata barabara pana zenye miembe upande wa katikati, na huku Tshopo watu wakapangwa kwa mistari iliyonyooka, transversale baada ya transversale zenye namba, kiwanja kwa kiwanja. Amri ya urbanismu ya tarehe 20 Juni 1957, iliyoendelea kuongoza upangaji wa miji yetu baada ya uhuru, ilitoka miaka mitatu tu kabla ya bendera kushushwa. Ndiyo maana simwungi mkono anayetaka turudi kwenye ramani ya zamani kama ilivyo. Tukiirudia, tutakuwa tumeilinda Makiso na kuwaachia wengine vumbi.

Ramani ya zamani ilichokosa ni mabonde. Hapa mvua hunyesha kama milimita 1,700 kwa mwaka, na hakuna mwezi unaokauka kweli. Maji hayo yana njia zake: Kabondo, Djubudjubu, Konga-Konga, na vijito vingine ambavyo watoto wanavijua kuliko wahandisi. Shuka bondeni alfajiri. Utakuta matuta ya lengalenga na matembele, udongo mweusi, mfereji mwembamba kati ya tuta na tuta. Mama anachota maji kwa ndoo iliyotobolewa matundu, anamwagilia akirudi kinyumenyume asikanyage miche, huku binti yake anafunga mafungu ya kupeleka sokoni kabla jua halijayanyong'onyeza. Hilo ni eneo la wazi. Linanywa mvua na kulisha jiji, na halijawahi kuomba bajeti. Bonde lile lile likijazwa kifusi na nyumba, maji hayaondoki. Hupanda barabarani, na huko juu mmomonyoko unaanza kula viwanja vya watu ambao hawakujenga bondeni hata siku moja. Mwishoni mwa mwaka 2023 na Januari 2024, mto Kongo ulipofurika kuliko ulivyofurika kwa miongo mingi, hakuna aliyehitaji kuelezwa maji hukumbuka wapi.

Basi nikisema bustani, msinisome vibaya. Sitaki nyasi zilizokatwa na kibao cha kukataza kukanyaga. Mabonde yatangazwe kuwa ardhi ya wazi ya jiji, na akina mama wa mboga wabaki humo kwa haki iliyoandikwa. Kuwafukuza kwa jina la mazingira kungekuwa kituko.

Dar es Salaam wametangulia kulipa ada ya somo hili. Mpango wao mkuu wa mwaka 1979 uliyahesabu mabonde kuwa ardhi ya hatari, isiyojengwa. Watu wakajenga, maana mpango ulikuwa karatasi na bonde lilikuwa karibu na kazi. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa bonde la Msimbazi: kulipa fidia, kuhamisha watu, kuinua daraja la Jangwani, na kuirudisha sehemu ya chini ya bonde kuwa bustani. Dola milioni 200 za kukirudia kilichokuwa kimeandikwa tayari. Kisangani haitapewa fedha hizo. Afadhali tusijifanye kwamba tutapewa.

Nairobi somo lao ni la aina nyingine. Mwaka 1989 chama tawala kilitaka kusimamisha jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Profesa Wangari Maathai akaandika barua, akaenda mahakamani, akatukanwa bungeni, na mwishowe wafadhili wakajitoa na jengo halikujengwa. Hadithi hiyo tunapenda kuisimulia kama ya mwanamke shujaa, na ni kweli. Ila alikuwa na kitu cha kushika: bustani yenye jina, yenye mipaka ambayo kila mkazi wa Nairobi aliijua kwa macho. Huwezi kuutetea uwanja ambao mpaka wake haujulikani.

Ndiyo maana marekebisho ninayoyaona ya kwanza ni ya mlango wenyewe wa kurekebisha. Eneo lolote la wazi lisibadilishwe matumizi kabla tangazo halijasimama pale pale uwanjani siku 60, kwa Kifaransa, Kiswahili na Lingala, na kabla wawakilishi hawajapiga kura kwa majina. Desemba 2023 tulichagua madiwani wa komini. Hii ni kazi ya kuwapa. Na kikiondolewa kiwanja, kipatikane kingine cha ukubwa ule ule katika komini ile ile. Bila sharti hilo la mwisho, fidia ya Tshopo itapelekwa kilomita 15 nje ya jiji, na ya Lubunga itavushwa mto kuja Makiso, wakati mtu wa Lubunga analipa nauli ya mtumbwi kwenda na kurudi.

Orodha ya maeneo ya wazi ya kulindwa nayo iwe pana. Iingize makaburi ya vita vya siku sita, vilivyopiganwa humu jijini tarehe 5 hadi 10 Juni 2000. Iingize Place de la Poste, ambako jiji hili hupenda kusikiliza wanasiasa na kuwazomea. Iingize kingo za mto Tshopo na bustani ya wanyama, ingawa wanyama walipungua sana. Watu bado huenda huko Jumapili kwa ajili ya maji.

Kuna jambo ambalo sina jibu lake rahisi. Mapigano ya Mbole na Walengola yalipoanza Lubunga, Februari 2023, maelfu walivuka mto, wakapokelewa shuleni na kwenye viwanja vilivyokuwa bado wazi. Wengine wamejenga mahali wasipotakiwa kwa kuwa hawakuwa na pengine. Simweki mtu huyo kapu moja na mkubwa aliyejimegea uwanja wa shule akauzungushia ukuta. Mpango ukiwatendea sawa utakuwa wa dhuluma, na pia hautatekelezeka. Kwa viwanja vingine tukubali kwamba vimekwenda, tuviandike hivyo, tusipoteze miaka 20 mahakamani huku vilivyobaki vinaliwa.

Katikati ya toleo hili tumeacha kurasa nne tupu zenye mistari ya barabara kuu na vijito tu. Andikeni viwanja mnavyovijua: jina ambalo mtaa unakiita, kinapakana na nini, nani anakitumia na saa ngapi. Wenye ramani za zamani zilizokunjwa chini ya magodoro waje nazo ofisini. Tutazinakili mbele yao na kuwarudishia siku hiyo hiyo.