Michoro ya Kolo Haikumngoja Stubbs

Nimeisoma kwa makini makala ya mwandishi aliyedai kwamba sanaa ya kumchora mnyama akiwa hai ilizaliwa Uingereza mikononi mwa George Stubbs, na kwamba wazee wa huku kwetu bara hawakuacha ila mikwaruzo ya kitoto. Fadhila za Stubbs nazikiri: ndiye aliyepasua mizoga ya farasi huko Horkstow muda wa miezi 18, akatoa kitabu cha maumbile yao mwaka 1766, na farasi wake Whistlejacket, asiye na mpandaji wala ardhi chini ya kwato zake, angali akiwastaajabisha watazamaji mjini London. Lakini dai la pili ni dhulma, wala siliachi lipite.

Na apande hadi Kolo, wilayani Kondoa, ainame pale jabali linapoukinga mchoro na mvua, atazame kwa taratibu. Atawaona twiga na pofu wa rangi ya ngeu, nao pia hawana ardhi chini ya miguu, na watu wembamba, warefu kupita kiasi, vichwa vyao vimetuna kwa nywele. Mkono ulioivuta mistari ile juu ya jiwe la kukwaruza, pasipo nafasi ya kufuta, ulikuwa mkono wa fundi. Mary Leakey aliyeinakili michoro hiyo mwaka 1951 hakuifanya kazi ile kwa ajili ya mikwaruzo. Na UNESCO iliitia katika urithi wa dunia mwaka 2006.

Basi namsihi aifute kauli yake, kabla mwanafunzi wa Dodoma hajaisadiki.