Kabla hujanunua meza ya kusimamia, pima kiwiko chako

Leo naongelea meza. Najua kuna watakaosema nimeishiwa mada, lakini meza ilinila mtaji wa Januari, kwa hiyo nivumilieni kidogo.

Nipo Tarime mjini. Nauza viatu kwa WhatsApp na Instagram, na wateja wangu wako Sirari, Nyamongo, Mugumu mpaka Musoma. Nilianza na simu tu. Oda zilipoongezeka nikanunua kompyuta ya mtumba na skrini mbili za inchi 24. Moja ni ya meseji za wateja, nyingine ni ya hesabu ya stoo na picha. Skrini mbili sijutii hata kidogo. Tangu nianze kuona meseji na stoo kwa pamoja, sijamwahidi tena mteja kiatu ambacho namba yake imeisha.

Shida ikawa mgongo. Nilikuwa nafanyia kazi kwenye meza ya chakula na kiti cha plastiki, nimeinama masaa nane mpaka kumi kwa siku. Nikaona video za watu wenye meza zinazopanda na kushuka kwa umeme. Unabonyeza kitufe, unasimama. Nikasema dawa ndiyo hii. Ilikuwa Desemba, mkononi nina hela ya mzigo wa viatu vya shule. Nikachomoa humo humo laki saba na nusu, nikaagiza.

Ikafika. Ikiwa chini ilitulia vizuri. Nikiipandisha mpaka kimo cha kusimama, kila nikiandika skrini zinacheza. Ubao wake ulikuwa wa unga wa mbao uliogandishwa. Pale ukingoni nilipokaza mikono ya kushikilia skrini, baada ya wiki chache ukaanza kubonyea, halafu ukapasuka. Na umeme ukikatika nikiwa nimeiacha juu, inabaki juu mpaka urudi.

Shule zikafunguliwa. Wateja wanauliza viatu vyeusi vya watoto. Mimi viatu sina, nina meza.

Nikaiuza kwa hasara, nikaenda kwa fundi seremala. Nikamwambia, "Fundi, nataka meza ya kufanyia kazi nimesimama." Akacheka. "Dada, hiyo si kaunta? Kaunta nimetengeneza miaka yote."

Hapo ndipo akili ikanirudi. Meza ya kusimamia si kitu kipya kwetu. Mwenye duka anafanya kazi amesimama kwenye kaunta, na anapochoka anakalia stuli ndefu. Basi maoni yangu ni haya: muuzaji mdogo anayefanya kazi peke yake nyumbani hahitaji meza ya umeme. Anahitaji kaunta iliyopimwa mwili wake, na stuli ndefu. Hela inayobaki irudi kwenye mzigo.

Ila fundi hawezi kukisia mwili wako. Nenda na vipimo hivi:

1. Kimo. Simama wima na viatu unavyovaa ndani, kunja mkono kama unaandika, mtu akupimie kutoka sakafuni mpaka kwenye kiwiko. Mimi ilitoka sentimita 102. Meza yangu ina 100, kwa sababu kibodi nayo ina unene wake. Usikopi kimo changu, pima chako.

2. Upana. Skrini ya inchi 24 ina upana wa kama sentimita 53. Mbili ni zaidi ya mita moja, bado hujaweka daftari na simu. Chini ya sentimita 140 utabanana.

3. Kina, yaani kutoka ulipo wewe mpaka ukutani. Skrini ikae umbali wa kunyoosha mkono. Sentimita 70 ni chini kabisa, 80 ni raha.

4. Macho. Ukingo wa juu wa skrini ulingane na macho au uwe chini kidogo. Mimi nimeweka kipande cha mbao chini ya kila skrini, basi. Skrini unayoitazama zaidi iwe mbele yako, nyingine pembeni imegeuzwa kidogo. Shingo itakushukuru.

5. Kutulia. Meza ikiwa ndefu kwenda juu, inayumba kirahisi. Mwambie fundi aunge miguu kwa mbao za kukatiza nyuma, na usikubali kuondoka nayo kabla hujaitikisa mwenyewe. Kama utafunga mikono ya skrini, ubao uwe mbao halisi na mnene.

6. Pa kuwekea mguu. Mwambie aweke mti chini, kama sentimita 15 au 20 kutoka sakafuni. Ukisimama unapumzisha mguu mmoja mmoja. Kwa stuli ndefu, miguu ikining'inia mapaja yanakufa ganzi, kwa hiyo stuli nayo iwe na pa kukanyagia.

Yangu pamoja na stuli ilinigharimu laki moja na themanini. Haina kitufe, na umeme ukikatika haina habari.

Sasa nisiwe mbishi. Meza ya kupanda na kushuka ina watu wake. Kama mnapokezana, wewe mfupi na mdogo wako mrefu, kimo kimoja hakitawafaa wote. Au kama una shida ya mwili inayokulazimisha kubadili mkao mara kwa mara. Hapo nunua, lakini tafuta yenye mota mbili, uliza inabeba kilo ngapi, na itikise ikiwa juu kabisa kabla hujalipa. Huku kwetu mvua ikija na radi, ichomoe kwenye umeme. Na nyaya za skrini ziwe ndefu za kutosha, la sivyo meza ikipanda itazichomoa.

Na jamani, kusimama siku nzima si dawa. Waulize wanaosimama dukani kutwa miguu yao jioni ikoje. Mimi nasimama nikijibu wateja asubuhi, nakaa nikihariri picha, nasimama tena nikifunga mizigo. Kubadilisha mkao ndiko kulikosaidia mgongo wangu. Maumivu yakiendelea, nenda hospitali, usiende kwa seremala.

Kabla hujaagiza chochote, leo jioni panga vitabu au kreti juu ya meza uliyonayo mpaka kompyuta ifike kimo cha kiwiko. Fanya kazi hivyo wiki moja. Ukiona unapenda, mwite fundi. Ukiona hupendi, umeokoa mtaji.

Wewe unafanyia kazi wapi: kitandani, sebuleni au kwenye kaunta? Tuambie hapo chini, na kama una fundi mzuri Mugumu au Sirari, wataje wenzako wamjue.