Kabla ya kitabu kipya, rudia setibuku

Kila Januari mitandao hujaa ahadi. Huyu anatangaza kwamba atasoma vitabu 12 mwaka huu, yule 24, mwingine anaapa lazima afikishe 50. Rundo la vitabu linapigwa picha kando ya kikombe cha chai, pongezi zinamiminika, halafu ikifika Machi stori imeisha kimyakimya. Upande wa pili wako wanaozicheka mbio hizo. Wao wana kitabu chao kimoja au viwili wanavyovipenda, wanavirudia kila mwaka, na hawaoni haja ya kusumbuka na vingine.

Nani yuko sahihi? Mjadala huu ni mtamu, lakini kwa vijana wengi wa Meru na Embu unaruka hatua moja. Unachukulia kwamba tayari tuna vitabu tulivyovichagua wenyewe. Kusema kweli, wengi wetu hatuna. Vitabu tulivyovisoma kutoka jalada hadi jalada tulipewa shuleni, na siku tuliyokabidhi karatasi ya fasihi tukaagana navyo. Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: rudia kwanza, na cha kwanza kurudiwa kiwe setibuku yako ya Kiswahili. Kipya kitafuata, na kitakufaa zaidi.

Najua kuna aliyeguna. Ati setibuku tena? Si tuliisoma hadi ikachanika? Hapo ndipo penye shida. Tulisoma kalamu mkononi, tukisaka tashbihi na methali za kupigia mstari. Wapo waliomeza mwongozo na kukifungua kitabu chenyewe kwa nadra. Wapo waliongoja kundi la waigizaji lije shuleni, wakatazama tamthilia yote kwa mchana mmoja, wakacheka na kurudi darasani. Hatukuulizana mhusika huyu anatafuta nini maishani. Tuliulizwa "eleza muktadha wa dondoo hili", alama 4. Simlaumu mtu, mtihani ulikuwa mbele yetu na chuo kilitaka gredi. Lakini matokeo yake ni kizazi kizima kinachojua majibu ya vitabu ambavyo hakijavisoma kwa raha zake.

Chukua Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora. Ulipokuwa na miaka 17, Amani alikuwa mhusika mkuu mwenye sifa za kuorodhesha: mvumilivu, mwenye bidii, msamehevu, na kadhalika. Sasa una miaka 27. Una shahada, umetuma maombi ya kazi hadi umechoka, na unauza vifuniko vya simu pale Makutano ukingoja mambo yanyooke. Msome Amani tena. Ni kijana mwenye kipaji, ameandika mswada wa riwaya, na kazi aliyonayo ni kuchunga ng'ombe wa Mtemi Nasaba Bora. Mswada wake umeibwa na msomi, Mwalimu Majisifu, ambaye ameuchapisha kwa jina lake na sasa anasifiwa kwao. Kama umewahi kumpelekea mtu wazo lako la biashara, kisha ukaliona likiingiza doo bila wewe, hutahitaji mwongozo wa kukueleza maudhui. Na ukifika kwenye ardhi ya wenyewe iliyonyakuliwa, utakumbuka kesi za mashamba zinazozungumzwa nyumbani kila sikukuu.

Au chukua Kigogo ya Pauline Kea. Darasani, kufungwa kwa soko la Chapakazi kulikuwa mfano mmoja wa uongozi mbaya, hoja moja kwenye insha. Leo kuna msomaji wa kitabu hicho anayeuza viatu vya mtumba Gakoromone, na mwingine anauza mboga mjini Embu. Kwao soko kufungwa ni karo ya mtoto, kodi ya nyumba na chakula cha jioni. Tunu na Sudi hawatakuwa tena majina ya kujaza nafasi kwenye karatasi. Watakuwa watu wa rika lao wanaoamua kama watanyamaza au watasema.

Maneno kwenye kurasa ni yaleyale. Msomaji ndiye aliyeongeza miaka kumi.

Ukiona haya kushika kitabu cha kidato cha tatu ukiwa mtu mzima, mtazame nyanya yako. Biblia yake ya Kimeru ameisoma tangu mama yako hajazaliwa. Hakuna anayemwuliza kwa nini hatafuti kitabu kingine. Zaburi aliyoisoma akiwa bibi arusi anaisoma tena akiwa mjane, na hutamsikia akisema ameshaimaliza. Nyumbani kwetu kurudia kitabu ni jambo la heshima. Ni shule iliyotufundisha kwamba kitabu huisha siku ya mtihani.

Kuna sababu nyingine. Setibuku ndivyo vitabu pekee ambavyo kizazi chetu kilisoma kwa pamoja. Panda matatu kutoka Embu kwenda Meru, kupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu, umtajie abiria wa rika lako jina la Nasaba Bora. Hata kama yeye ametoka Mbeere na wewe umetoka Igembe, na hamjawahi kuonana, kuna uwezekano mkubwa atakujibu kwa kicheko. Mtajie kitabu kilichovuma TikTok wiki iliyopita, huenda akakuangalia tu. Mfumo wa 8-4-4 unaelekea ukingoni, na KCSE ya mwisho imepangwa kufanywa 2027. Tukiviacha vitabu hivi vizikwe pamoja na mtihani huo, tutakuwa tumetupa mazungumzo ambayo tayari tunayo.

Halafu kuna suala la mfuko. Sheria ya VAT ya 2013 iliweka ushuru wa asilimia 16 juu ya vitabu, na riwaya mpya kutoka ng'ambo inaweza kumeza pesa za chakula cha siku kadhaa. Maduka mengi ya vitabu katika miji yetu huishi kwa kuuza vitabu vya shule. Ulizia riwaya ya mwaka huu na huenda ukaambiwa uagize Nairobi. Setibuku ya zamani haikusumbui hivyo. Iko kwenye sanduku la dadako, kwa jirani, kwa muuza vitabu vya mtumba. Kikishatoka kwenye orodha ya mtihani, hakuna anayekigombania. Na Meru na Embu zote zina maktaba ya umma, ambako unaweza kukaa na kitabu mchana kutwa bila kununua bando.

Sasa nimpe haki yake anayesaka vipya. Kurudia kunaweza kugeuka maficho. Mtu anajifungia ndani ya hadithi anayojua mwisho wake kwa sababu haitamshtua wala kumwuliza swali jipya. Tungekwama hapo sote, nani angeifungua Peponi? Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alichapisha Paradise kwa Kiingereza mwaka wa 1994. Alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi 2021, na mwaka uliofuata riwaya hiyo ikatoka kwa Kiswahili kwa jina Peponi, ikiwa imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Anayezunguka na vitabu vyake viwili vya zamani hatakutana nayo, na atakuwa amekosa kitu. Hoja hiyo naikubali.

Ila mbio za vipya nazo zina ugonjwa wake. Anayehesabu vitabu huanza kuchagua vyembamba. Huruka kurasa. Mwulize mwezi mmoja baadaye ni nini kilichomgusa, naye atakupa yale maneno yaliyoandikwa nyuma ya jalada. Hiyo ni KCSE nyingine, tofauti ni kwamba wasahihishaji sasa ni wafuasi wake mtandaoni.

Ndiyo maana sikuambii ubaki kwenye setibuku maisha yako yote. Nakuambia uifanye mlango. Ukiimaliza Kidagaa Kimemwozea, mfuate Walibora, aliyetuacha Aprili 2020, hadi kwenye Siku Njema ya 1996, safari ya Kongowea kutoka Tanga hadi Kitale akimtafuta babake. Kaka na dada zetu waliosoma Kifo Kisimani shuleni waendelee hadi kwenye mashairi ya mwandishi wake, Kithaka wa Mberia, mwana wa Tharaka, hapahapa katikati ya Meru na Embu. Mchezo wa Karata na Bara Jingine ni diwani zake. Ni wangapi kati yetu, majirani zake, tumewahi kuzishika? Ukifika kwa njia hiyo, hukichukui kitabu kipya kwa sababu kimevuma. Unakichukua kwa sababu unamjua aliyekiandika na una hamu ya kumsikia tena.

Wakulima wa kahawa wa huku wanalielewa hili. Anayetaka Batian si lazima ang'oe SL 28 iliyopandwa na babu yake. Anaweza kulikata shina la zamani na kupandikiza Batian juu yake, na mizizi iliyokwisha kushika udongo ikalisha tawi jipya. Anayeanza na mche hungoja zaidi.

Basi wikendi hii itafute setibuku yako. Isome bila kalamu. Mwongozo mwachie mdogo wako. Usipige mstari, usihesabu kurasa, usimpigie mtu picha ya jalada. Ukifika mahali panapokuchoma, funga kitabu utulie kidogo. Hakuna kengele itakayolia. Na kama baada ya kurasa 50 hujahisi chochote, kirudishe ulikokitoa na utafute kingine, kwa maana wakati huu hakuna wa kukutahini. Lakini kikikushika, hutahitaji kuniuliza usome nini baadaye. Utakuwa umeshaanza kukitafuta.