NENO LA MWEZI: MATABISHI

Neno la mwezi huu nimelipata sokoni, na limekuja pamoja na machozi ya mtoto.

Tulikuwa tumeenda Bwera, mimi na binti yangu wa miaka 12. Nikanunua nyanya kwa mama mmoja Mkonzo, nikamwambia kama tunavyosema kwetu: "Mama, uniongezeye basi matabishi." Hakuuliza kitu. Akaweka nyanya mbili juu, tukacheka, tukaagana. Tulipofika Kasese nikasimama kununua vitunguu, nikasema vile vile. Muuzaji akanitolea macho: "Mata nini? Hicho Kiswahili cha wapi?" Wenzake wakaangua kicheko.

Binti akanivuta nguo. "Mama, usiseme ile neno tena. Wanatucheka. Tena si Kiswahili." Njiani machozi yakamtoka. Usiku ndipo aliniambia kwamba hata darasani ameacha kunyoosha kidole, maana akisema anaenda "ku masomo" badala ya "shuleni", wenzake wanamcheka.

Sasa wewe mwanangu, na nyinyi wote mnaonyamaza darasani, sikilizeni safari ya neno hili.

Matabishi limetoka Kireno: mata-bicho. "Mata" ni kuua, "bicho" ni mdudu. Zamani kule Ulaya ilisemwa kwamba mtu asiyekula asubuhi ana mdudu tumboni, na pombe kali kidogo ndiyo ya kumuua. Wahispania, majirani wa Wareno, mpaka leo mtu akila kitu kidogo cha kutuliza njaa husema anaua kijidudu. Angola na Msumbiji, matabicho ni chakula cha asubuhi. Wareno walifika mahali mto Kongo unapoingia baharini miaka ya 1480. Kutoka upande ule wa Atlantiki neno likaenea Kongo, likaingia Lingala, Kiswahili chetu, hata Kifaransa cha huko. Maana ikageuka: si pombe ya asubuhi tena, ni kile kidogo unachopewa juu ya haki yako. Kwa hiyo zile nyanya mbili za Bwera zina ukoo mrefu!

Na kwa nini Bwera walinielewa? Kwa sababu ng'ambo ya mto Lhubiriha ni Kasindi. Wakonzo wa huku na Wanande wa kule ni ndugu, lugha yao ni moja, na soko lao ni moja. Neno linavuka daraja pamoja na watu.

Sasa tuwaangalie waliotucheka. Vitunguu vyao vilikuwa juu ya meza. Meza ni Kireno pia, "mesa", na Wahispania wanasema hivyo hivyo. Tofauti ni mlango tu: matabishi iliingilia Atlantiki, meza iliingilia pwani ya Mombasa, ambako Vasco da Gama alifika mwaka 1498. Leso ni Kireno. Bendera ni Kireno. Gereza nalo limetoka "igreja", maana yake kanisa! Na "shule" wanayomchekea binti yangu ni Kijerumani, wakati masomo inatoka kwenye kusoma. Hata "bakshishi" ya kamusi, ndugu wa matabishi, ilitoka Uajemi. Kumbe Kiswahili sanifu nacho kimejaa wageni. Wamekaa siku nyingi tu, mpaka watu wamesahau kwamba walikuja.

Lakini wazazi, tuwafundishe watoto na mahali pa kila neno. Kwenye mtihani andika "shule". Kasese sema "nyongeza", utaelewa na utaeleweka. Nyumbani sema matabishi bila aibu. Tena kuna matabishi mbili. Ile ya sokoni ni ya upendo: muuzaji anatoa akiwa amekwisha kulipwa. Ile ya ofisini, mtu anayokuomba ili akuandikie jina au akupitishe mbele, hiyo ni hongo hata ikiitwa kwa jina tamu. Huduma za wakimbizi hazilipiwi. Ukiombwa, usitoe, nenda ukaseme kwa wanaohusika.

Nilimweleza binti haya yote tukimenya ndizi. Alinyamaza, halafu akauliza: "Kwa hiyo mama, meza na matabishi ni ndugu?" Nikamwambia ndiyo, baba mmoja. Kesho yake alirudi akisema amemuuliza mwalimu kama anajua meza imetoka wapi. Alinyoosha kidole kwanza.

Je, nyumbani kwako kuna neno ambalo watoto wanaona haya kulisema? Tuletee, tulitafutie ukoo wake. Mpaka mwezi ujao, mbaki salama.