Heri Niambiwe Hapana

Leo nasema kitu ambacho najua wengine mtanipinga. Niliomba nafasi ya kusomea uuguzi katika vyuo viwili, na kile kilichoninyima ndicho ninachokiheshimu. Kilinijibu baada ya wiki tatu. Ujumbe ulikuwa mfupi tu: nafasi zimejaa, jaribu awamu ijayo. Niliumia siku mbili, ya tatu nikaendelea na maisha. Kile kingine huu ni mwezi wa tano na bado kimenyamaza. Ukiingia kwa tovuti yao unaambiwa ombi lako "limepokelewa". Limepokelewa na nani, na linafanya nini huko ndani, Mungu ndiye anajua.

Sitataja majina ya vyuo, kwa sababu shida hii si ya chuo kimoja. Uliza mtu yeyote aliyemaliza Form Four akaomba kozi ya afya, atakuambia hadithi kama yangu. Msimamo wangu ni huu: chuo kikishachukua pesa ya ombi lako, kina deni lako la jibu. Hata kama jibu ni hapana. Hasa kama ni hapana.

Kwanza tuelewane kwa nini watu wengi huku kwetu wanaomba kozi hii. Ukitoka Litein uende Kapkatet, utakutana na wanafunzi wa KMTC wakielekea wodini. Kampasi iko karibu kabisa na hospitali. Bomet pia kuna kampasi. KMTC ilianza 1927 na leo ina kampasi zaidi ya 70 nchini, na huwa inachukua wanafunzi Machi na Septemba. Halafu kuna hospitali za misheni zinazofundisha wauguzi: Tenwek kule Bomet, Litein hapa kwetu, Kaplong upande wa Sotik. Yaani mtoto wa huku anakua akiona wauguzi wanafundishwa mlangoni pake. Si ndoto ya mbali kama urubani.

Vigezo navyo kila mtu anavijua kwa kichwa. Diploma unahitaji C ya wastani, na usiwe umeanguka Biolojia na lugha. Cheti unahitaji C-. Kwa hivyo mtu aliyepata alama ya katikati, ambaye chuo kikuu hakimtaki, anaona hapa mlango. Tunajaa kwa huo mlango, sawa. Nafasi ni chache, sawa. Hilo nalikubali na sina kesi nalo.

Kesi yangu ni kusubiri bila kuambiwa kitu, kwa sababu kusubiri kuna bei.

Kama unatoka boma la chai, unajua pesa inavyoingia. Kila mwezi unalipwa kidogo kwa kilo ulizopeleka kiwandani, halafu Oktoba inakuja bonasi. Bonasi ndiyo karo. Bonasi ndiyo mabati, ndiyo ng'ombe, ndiyo deni la dukani. Na mnajua Oktoba 2025 ilikuwaje. Wakulima wa upande wetu walipata kidogo sana ukilinganisha na wale wa Mlima Kenya, watu wakaandamana. Sasa mama anashika hiyo pesa kidogo mkononi na kuniuliza, "Wewe, nikuwekee ama nisikuwekee?" Nimjibu nini? Nikisema weka, mdogo wangu anafukuzwa shule kwa sababu ya karo. Nikisema tumia, halafu barua ije wiki ijayo ikisema niripoti na malipo ya muhula wa kwanza, tutauza nini? Mtu aliyeambiwa hapana anajua la kufanya na hiyo pesa. Mtu ambaye hajaambiwa kitu anaikalia, na inaisha polepole.

Watu wazima husema, "Si uchune chai ukisubiri." Zamani hiyo ilikuwa jibu. Ulikuwa unaingia kwa mashamba makubwa miezi kadhaa, unarudi na kitu. Leo kuna mashine. Mei 2023 watu walizichoma Kericho kwa sababu ya hasira ya kupoteza kazi, na bado hazijaenda popote. Kazi ya kupitisha muda imepungua, lakini muda wa kupitisha ndio ule ule. KCSE inatoka Januari, awamu ya Septemba iko miezi minane mbele.

Na kuna bei nyingine, ambayo ndiyo inanikasirisha zaidi: broka.

Mimi nilipigiwa simu na mtu ambaye sijui alitoa namba yangu wapi. Anaongea Kipsigis safi, ananiita kwa jina la shule yangu. Anasema kuna nafasi moja imebaki, mtu wa ndani anaishikilia, nitume elfu sitini leo kabla ya saa kumi. Sikutuma. Lakini najua waliotuma, na najua kwa nini walituma. Wazazi wao si wajinga. Walituma kwa sababu yule alikuwa mtu wa kwanza katika miezi minne kuwaambia kitu chochote kuhusu ombi la mtoto wao.

Hebu nikuonyeshe biashara hii inavyofanya kazi, kwa sababu ni rahisi mno. Broka anachukua pesa kutoka kwa watu kumi. Hafanyi kitu. Hana mtu wa ndani, hana chochote, anakaa tu nyumbani kwake. Kati ya wale kumi, wawili ama watatu wangeitwa hata bila yeye, maana walikuwa na alama. Wakiitwa, wanasema, "Huyu jamaa ni wa ukweli." Wale wengine saba anawazungusha: subiri awamu ijayo, mkubwa amehamishwa, ongeza elfu kumi. Mwaka unaofuata wale watatu ndio tangazo lake, anapata watu ishirini. Anakuuzia kitu ambacho kingekuja chenyewe.

Sasa fikiria kila muombaji angepata jibu ndani ya mwezi mmoja, pamoja na sababu. Broka angeuza nini? Hakuna. KMTC yenyewe imeonya watu mara nyingi wasilipe matapeli, na ni vizuri. Lakini onyo haliwezi kushindana na simu inayokuita kwa jina lako. Mahali ofisi imenyamaza, broka ndiye anaongea.

Najua jibu litakalokuja: "Waombaji ni maelfu, hatuwezi kumjibu kila mtu." Hapo nakataa. Siku nililipa pesa ya ombi, ujumbe wa kuthibitisha malipo uliingia kabla sijarudisha simu mfukoni. Kompyuta iliyojua kuniambia pesa imefika inaweza pia kuniambia sikuchaguliwa. Na si kama hatujui mambo kubadilishwa. Mwaka 2023 maombi ya KMTC yalihamishiwa KUCCPS, nchi nzima tukajifunza njia mpya ndani ya wiki chache. Kama muombaji wa Bomet anaweza kujifunza tovuti mpya kwa simu yenye skrini iliyopasuka, ofisi nayo inaweza kujifunza kutuma ujumbe wa maneno kumi.

Kuna jambo lingine linalofanya tunyamaze na sisi. Tuna aibu. Hasa sisi wa cheti. Ukisema unaomba cheti cha uuguzi, kuna mtu atakuambia hiyo ni kozi ya walioanguka, ushukuru tu ukichukuliwa. Ukishaambiwa hivyo mara tano, unaona huna haki hata ya kuuliza. Sasa sikiza. Kwa miaka mingi wauguzi wa cheti ndio waliobeba zahanati za vijijini nchi hii. Mwaka 2005, AMREF na Nursing Council walipoanzisha masomo ya kompyuta ya kuwapandisha hadi diploma wakiwa bado kazini, waliolengwa walikuwa zaidi ya 20,000. Zaidi ya elfu ishirini! Hao ndio wale ambao kule kijijini tunawaita "daktari". Muulize nyanya yako ni nani alimfunga kidonda, ni nani alimchoma sindano ya malaria saa nane usiku. Hakuuliza kama ni diploma.

Kwa hivyo tuache kuomba kama tunaomba msaada. Na hapa ndipo nataka mnisikize vizuri, kwa sababu watu wengi hawajui. Katiba ya 2010, Kifungu cha 35, inakupa haki ya kupata habari zilizoshikiliwa na serikali. Kifungu cha 47 kinasema uamuzi wa ofisi ukikuumiza, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu. Wakikataa ama wakinyamaza, unapeleka malalamiko kwa Tume ya Utawala wa Haki, ile watu wanaiita Ombudsman. Chuo cha serikali ni ofisi ya umma. Huhitaji wakili. Huhitaji kujuana na mtu. Unahitaji karatasi ama barua pepe, na tarehe.

Najua barua haitaongeza nafasi hata moja. Kama vitanda vya bweni ni mia, ni mia. Lakini itakupa jibu, na ukiwa na jibu unaweza kuhesabu. Unaweza kuomba tena, kwenda chuo cha misheni, kujaribu kozi nyingine, ama kumwambia mama atumie ile pesa. Na ukienda chuo cha kibinafsi, kabla hujalipa shilingi moja, angalia kama kiko kwenye orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa na Nursing Council. Kama hakiko, unaweza kumaliza miaka yote na usiruhusiwe kufanya mtihani wa leseni. Wanaosubiri sana huishia kukimbilia chuo chochote kinachosema ndiyo haraka. Hiyo nayo ni sehemu ya bei ya kimya.

Vyuo, hiki ndicho tunachotaka, na si kikubwa. Tangazeni tarehe ya majibu kabla ya kuchukua pesa. Siku hiyo ikifika, jibuni kila mtu, waliochaguliwa na walioachwa. Na mtu akiachwa, mwambieni kwa nini: alama, idadi, ama karatasi iliyokosekana. Basi.

Mimi yangu nimeituma Jumatatu. Nawaachia maneno yake hapa. Nakili, badilisha sehemu zako, tuma leo, na uandike tarehe ukutani ili uanze kuhesabu siku 21:

"Kwa Msajili. Mimi ni muombaji namba (weka namba yako). Niliomba nafasi ya kozi ya (taja kozi) tarehe (weka tarehe) na nikalipa ada. Kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, naomba kujulishwa kwa maandishi: je, uamuzi kuhusu ombi langu umefanywa? Kama umefanywa, ni upi, na sababu zake ni zipi? Kama haujafanywa, utafanywa tarehe gani? Asante."

Mtumie na yule rafiki yako ambaye kila asubuhi anafungua tovuti kabla hajanawa uso. Mwambie kwanza afute namba ya broka.