Akihabara si Tokyo yote

Makala yako kuhusu wapenzi wa anime Tokyo ni nzuri, mwandishi, ila umeishia mtaa wa Akihabara kana kwamba wapenzi hao wote ni wanaume. Panda treni ya Yamanote hadi Ikebukuro, toka upande wa mashariki, uulize Otome Road, mtaa wa maduka. "Otome" ni binti, na kweli wateja wengi ni wanawake: wanachambua beji za mhusika mmoja, wanazipanga kwenye mkoba wenye dirisha la plastiki mpaka kitambaa hakionekani. Akihabara mhudumu wa mkahawa huvaa kama kijakazi. Ikebukuro, tangu 2006, kuna Swallowtail, ambako wahudumu ni wanaume waliojipamba kama watumishi wa jumba la kitajiri. Biashara ileile, imegeuzwa tu.

Sisi wa vitu vya zamani twende Nakano Broadway, jengo la 1966, ambako duka la Mandarake lilianza 1980 kwa kuuza manga kuukuu. Huko mtu na mvi zake huinamia kabati la kioo kukagua roboti ya bati iliyochubuka rangi.

Na hata hapohapo Akihabara, chini ya reli bado wapo wauza vipuri vya redio, kwenye vibanda vyembamba kama kabati. Hao waliwatangulia wauza katuni, na makala haikuwagusa kabisa.